Nimebaki Mashudu

Mwezi mmoja baada ya kumzika baba, mama alikaa kwenye kigoda nje ya nyumba yetu Mtinko akaniambia, "Mwanangu, nimebaki mashudu."

Mimi nanunua alizeti vijijini nauza kwenye mashine za kukamua Singida Mjini, sikuhitaji kufafanuliwa. Mashudu ni yale makapi yanayobaki mafuta yakishatoka. Makavu, ukiyafinya yanameguka. Nikaliingiza neno hilo kwenye hadithi yangu, ya kwanza kukubaliwa kuingia kitabuni.

Hadithi ikarudi kutoka Dar es Salaam imehaririwa. Nikaisoma mara mbili, kama ninavyohesabu chenji. Mama sasa alikuwa "kama kifuu cha nazi kilichotupwa ufukweni na mawimbi". Mama yangu! Maji mengi aliyowahi kuyaona ni Ziwa Singidani, tena kupitia dirisha la basi.

Nikamsomea hivyo hivyo. Akasikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa.

"Maskini. Na huyo mama wa Pwani naye kafiwa?"

Nilitoka nje na simu, nikampigia mhariri.

"Kaka," mhariri akasema, "msomaji hatajua mashudu."

"Dada, mimi nazi nimeishika mara ya kwanza nina ndevu. Hadithi zenu nimezisoma tangu shule ya msingi."

"Basi tuyaweke, na maelezo chini ya ukurasa."

"Nazi mmeiwekea maelezo?"

"Nazi inajulikana."

"Na nani?"

Akacheka. "Unabishana kama uko mnadani! Haya, tuelewane: chukua mashudu yako, niachie mawimbi."

Ujanja huo naujua: unamuuzia mtu mali yake mwenyewe, halafu unadai umempunguzia. Wazungu walitufundisha shuleni kwamba kitu cheupe ni cheupe kama theluji, nikavumilia, walikuwa wageni. Huyu ni ndugu yangu, na kwake ukitaka kulia kwa Kiswahili fasaha, sharti ukalilie baharini.

"Iondoe hadithi yote," nikamwambia.

"Kaka, kitabu kinakwenda kuchapwa wiki hii!"

"Kiende salama."

Nikarudi kwa mama, nikamsomea ile yangu. Nilipofika kwenye mashudu akajifuta uso kwa khanga, akasimama, akasema anakwenda kuangalia mbuzi.

Mbuzi tuliwachinja wote msibani.