Waliokataliwa Nao Wahesabiwe

Ofisini walimwita Mbishi, naye hakukana. Alikuwa mwandishi wa programu, na kazi yake ilikuwa kutunza mfumo wa kuulizia damu: kompyuta ya zahanati inatuma ombi la kundi fulani, mfumo unajibu damu ya kundi hilo iko wapi.

Jumatatu mkurugenzi akatangaza kwamba Ijumaa zahanati ndogo zitaondolewa kwenye mfumo. "Takwimu zinasema hazitumii. Sifuri, mwezi mzima."

Mbishi hakuiamini sifuri hiyo hata kidogo. Dada yake mkubwa alikuwa muuguzi katika mojawapo ya zahanati hizo; Mbishi akampigia simu.

"Mdogo wangu, tunauliza mpaka vidole vinauma. Inatuambia haturuhusiwi," dada akasema. "Kwani ninyi huko mnahesabu nini?"

Swali lilimchoma kwa sababu lilikuwa la haki. Akafungua kazi ya aliyemtangulia, akakuta madudu. Kihesabu cha maombi kilikuwa kimewekwa nyuma ya programu inayokagua vibali, kwa hiyo ombi likikataliwa pale halikuhesabiwa kabisa. Ni sawa na kuhesabu wagonjwa waliokwisha kulazwa, kisha useme nje hakuna foleni. Na vibali vya zahanati ndogo vilikuwa vimeisha muda, wala hakuna aliyejisumbua kuwaarifu. Akakihamisha kihesabu mbele kabisa, kiandike kila anayeuliza, apite asipite.

Kesho yake mkurugenzi akamjia juu. "Nani kakuruhusu? Jana maombi yaliyofeli yalikuwa mawili kwa mia, leo arobaini! Wafadhili wanakuja, nitawaonyesha nini? Kirudishe kilipokuwa."

"Sikirudishi, bosi."

"Unajua unaongea na nani?"

"Najua vizuri sana. Mficha maradhi kifo humuumbua. Soma hapa."

Mkurugenzi akasoma shingo upande. Zahanati moja, kundi O hasi, imeomba mara kumi na saba tangu asubuhi, imekataliwa zote. Kabla hajamaliza mstari, kumi na saba ikawa kumi na nane.

"Kitufe cha kuwaondoa ni hicho," Mbishi akasema, akasogeza kiti chake pembeni. "Usingoje Ijumaa. Bonyeza wewe, maana mimi sibonyezi."

Mkono wa mkurugenzi haukutoka mfukoni. Mbishi naye hakungoja amri. Akarudisha kiti, akaanza kuhuisha vibali, kimoja baada ya kingine, bosi akiwa amesimama palepale. Ombi la kumi na tisa likajibiwa: hospitali ya wilaya, chupa mbili, zipo.