Mazoezi ya Kubisha

Mwalimu aliacha uwakili baada ya wateja kumwacha kwanza. Siku hizi, kila Jumamosi, katika chumba kilicho nyuma ya duka la cherehani, huwanoa vijana kwa ajili ya usaili wa chuo cha sheria. Ni vijana ambao kwao hakuna aliyewahi kukanyaga mahakamani ila kwa kuitwa.

Vitabu havikuwa tatizo lao. Kilichowaangusha ni adabu. Wasaili husema jambo la ovyo makusudi, waone kama mwombaji atapinga. Wanafunzi wake, watoto waliolelewa vizuri, mwaka uliopita waliitikia "Ndiyo, mzee" mpaka wakarudishwa nyumbani wote.

"Ukuta huu ni mwekundu," Jumamosi moja mwaka huu Mwalimu alimwambia binti wa fundi viatu, hodari kuliko wenzake. Ukuta ulikuwa mweupe.

"Ndiyo, Mwalimu." Akautazama tena. "Kwa mbali."

Darasa likaangua kicheko. Mwalimu hakucheka. Alimpa kazi ya nyumbani: kila siku apinge kauli moja ya baba yake, kwa heshima, na atoe sababu.

Jumamosi iliyofuata, zikiwa zimebaki siku mbili tu kabla ya usaili, fundi viatu aliingia na gundi vidoleni, binti nyuma yake.

"Wewe ndiye unayeniharibia mtoto? Nikisema chai imepoa, anataka ushahidi. Nikisema mama yake ndiye aliyepoteza ufunguo, ananiuliza kama nilikuwepo! Basi, yameisha. Chuo haendi. Jumatatu yuko na mimi kibandani."

Mwalimu alifungua kinywa, akawakumbuka wateja wake, akakifunga.

"Baba," binti alisema, macho sakafuni, "napinga."

"Umemsikia?"

"Juzi ulisema mtu mbishi hafai kuhudumia wateja. Sasa unasema mimi mbishi, na unanipeleka kwa wateja." Akainua macho. "Halafu kile kibanda cha kwanza, pale kwenye kona. Ulitia sahihi ya kuhama bila kuelewa, kwa kuwa aliyekuja alivaa tai. Ukamwitikia 'Ndiyo, mzee.' Baba, yule alikuwa mdogo kwako."

Fundi viatu aliukodolea macho ukuta mweupe kana kwamba ungemtetea.

"Hao wasaili," alimuuliza Mwalimu hatimaye, "wako wangapi?"

"Watatu."

"Wamesoma?"

"Sana."

"Jumatatu nampeleka mwenyewe. Nitakaa nje ya mlango nisikilize." Akajikwangua gundi kidoleni. "Haiwezekani niteseke peke yangu."