Figiri Niliyoilisha Kama Chai

Miaka ile ya ruksa, biashara ilipoachiwa watu binafsi na duka la ushirika likafungwa, mbolea ikaanza kuuzwa sokoni Tukuyu kwa kopo, kwenye nailoni isiyo na jina. Nilimuuliza muuzaji, "Hii urea au S.A., salfeti ya amonia?"

"Dada, mbolea ni mbolea. Unalima au unafanya mtihani?"

Nilitamani kummwagia kopo kichwani. Nikanunua.

Mama mkwe alikuwa amenipa kipande kando ya migomba nipande figiri, mboga ya majani yenye ukali, kwa sharti moja: nivune mbegu yangu mwenyewe. Nikishindwa, anapanda migomba. "Anayenunua mbegu kila msimu si mkulima, ni mteja," alisema.

Nikaweka mbolea, mvua ikanyesha, nikaongeza tena. Majani yakapanuka kama nyungo. Majirani wakasifu. Figiri zao zikachanua, yangu bado inatoa majani tu. Ilipochanua, mashina yakalala, na nilipopasua vijiganda vya mbegu, vingi vilikuwa vitupu. Nilipata kiganja kimoja cha mbegu. Kwa nini? Shuleni nilikariri kwamba naitrojeni hukuza majani, nikapewa alama. Sikuuliza mbegu zinakula nini.

Wa kunijibu alikuwa hatua ishirini tu. Baba mkwe alimwaga mbolea kwenye mashamba ya chai mpaka akazeeka. Lakini kwetu Wanyakyusa mke wa mtoto haonani na baba mkwe wala hasemi naye. Akipita, najificha. Mwanamke mzima, mtoto mgongoni, nimejikunyata nyuma ya mgomba! Nilichukia mpaka meno yakaniuma.

Asubuhi moja nikiwa nang'oa mashina yale, nikamsikia nyuma ya zizi akimhutubia ng'ombe.

"Wewe ng'ombe, chai tunailisha urea kwa sababu tunataka jani. Ikichanua, tumekosea. Sasa anayetaka mbegu anaishindiliaje kama chai? Samadi yako imelala hapa bure. Na figiri tunayoletewa haina hata ukali! Ingepata S.A. kidogo. Ile ina salfa."

Nikatafuna jani. Kweli, maji matupu. Kumbe ukali nao unalishwa! Hasira ikanitoka, nikabaki na hamu ya kujua.

Sokoni niliikataa nailoni, nikasimama mpaka muuzaji akanionyesha gunia lililoandikwa S.A. Nikagawa tuta: nusu kama zamani, kwa mabaki ya ile ya nailoni, nusu samadi iliyooza na S.A. kidogo. Nusu ya pili majani yalikuwa ya wastani tu, lakini vijiganda vilijaa, na mbegu moja tu ilinichoma ulimi.

Nikamwonyesha mama mkwe bakuli la mbegu, kisha nikaenda zizini, nikijua mzee yuko upande wa pili.

"Ndaga fijo, ng'ombe, asante sana. Ila nijibu: samadi na S.A. niliziweka pamoja. Ni ipi iliyojaza mbegu?"

Ng'ombe akacheua. Nyuma ya zizi mtu akakohoa kicheko.

"Huyu ng'ombe anasema tuta ligawanywe mafungu manne: samadi peke yake, S.A. peke yake, zote mbili, na lisilowekwa kitu."

Mama mkwe akapaza sauti kutoka jikoni: "Kipande ni chako, gawa utakavyo! Lakini ng'ombe wangu mwacheni, atakauka maziwa kwa maswali yenu."