Nani Alimchoma Aoko?

Aoko alikwenda kliniki kwa chanjo ya wiki sita, hakwenda kuhojiwa. Leo lakini, mtoto alipokwisha kudungwa, sista Nafuna alifunga mlango, akatoa karatasi. Unalala? Unakula? Unalia bila sababu? Aoko akajibu vizuri vizuri, mpaka likaja swali la mwisho.

"Umewahi kuwaza kujidhuru, au kumdhuru mtoto, au kumwacha?"

Kumwacha! Neno hilo sista amelitoa wapi, kama si kwa mtu?

"Hapana, sista," akasema, akambana mtoto kifuani mpaka akalia.

Wacha nikwambie alichokificha. Wiki mbili nyuma, mumewe Osewe akiwa kwa kibarua cha mjengo, Aoko alimlaza mtoto, akafunga mlango kwa kufuli, akatoka mtaani kwao Gatwekera kwa miguu. Hakujua anakokwenda. Alikuwa amefika Gatina, kule Kawangware, maziwa yalipovuja yakalowesha blauzi, ndipo akageuka mbio. Alimkuta mtoto sauti imekauka kwa kulia. Hakumwambia mtu, maana mtaani wanasema ukitamka jambo kama hilo serikali inakuja kumchukua mtoto. Sasa nani alisikia kile kilio, akaenda kumchoma kwa sista? Jirani wa ukuta mmoja, nani mwingine! Kikulacho ki nguoni mwako.

Aliporudi kwake alimkuta jirani huyo, Adero, akifua nje, mtoto wake Elvis mgongoni. Hakusalimu.

"Umenichoma, Mama Elvis!"

"Ai! Nimekuchoma nini?"

"Usijifanye! Ulimwambia sista nilimfungia Marvin ndani nikaenda Kawangware!"

Adero akaachilia nguo kwenye beseni. "Mama Marvin," akasema polepole, "hilo swali huulizwa kila mama. Mimi niliulizwa Jumanne. Iko kwa karatasi."

Mdomo uliponza kichwa. Aoko alikuwa amejichoma mwenyewe, mchana kweupe. Akangoja Adero apige kelele, aite watu.

Adero hakuita mtu. Alijifuta povu kwa leso, kwa muda mrefu kuliko lilivyohitaji kufutwa.

"Na wewe ulijibu nini?" Aoko akamuuliza.

"Nilisema hapana," Adero akasema. "Kama wewe, naona."

Kisha Adero akamwaga maji. "Kliniki haijafungwa. Twende tuseme ukweli. Mimi nimechoka, walahi."

"Na wakituchukulia watoto?"

"Sijui."

"Basi tangulia wewe," Aoko akasema. Huruma alikuwa nayo, lakini kumwamini mtu bado. "Nikuone ukitoka na Elvis."

Walipofika kliniki, Adero akaingia kwa sista. Mlango ukafungwa, na Aoko akasimama pale nje, sikio kwenye mbao, asisikie ila kilio cha mtu mzima. Ulipofunguliwa, hakumtazama Adero usoni. Alitazama mgongo wake kwanza. Elvis alikuwa amelala.

Aoko akaingia na Marvin, hakungoja kuambiwa akae.

"Sista, lile swali la mwisho," akasema. "Andika ndiyo."