Gitaa Lililombabua Mwalimu

Fundi Jafari Namalenga wa Naliendele hakuhitaji mtu wa kumsifu, maana kazi hiyo aliimaliza mwenyewe kabla hujafungua mdomo. Ukipita kibandani kwake, salamu haijaisha, umeshaambiwa kwamba kuanzia Lindi mpaka ng'ambo ya Ruvuma hakuna mkono mwingine unaotengeneza gitaa kuanzia gogo mpaka mlio. Na kinachoudhi ni kwamba alikuwa anasema kweli.

Wenzake aliotoka nao kijijini Mahurunga walichonga vinyago vya mpingo, wakauza, wakajenga. Yeye siku moja aliletewa gitaa la kanisa lililovunjika shingo alirekebishe. Akalifumua lote ili aone ndani kuna nini, akashindwa kulirudisha, akaona aibu, akatengeneza jipya. Ufundi wake ulianzia hapo. Kupiga hajui hata leo. Ukimpa gitaa, analigonga kwa kidole kama mtu anayechagua dafu, anasikiliza, anasema, "Limeiva." Basi.

Hili la Mwalimu Elisha ndilo alilolipenda kuliko yote. Elisha anafundisha sekondari, ametokea Njombe na mkewe Beatrice, na gitaa lake ni lile la nyuzi za nailoni, la kukaa kitini na kulipakata kama mtoto mchanga, bila spika wala umeme. Jafari alilipindia mbavu za mninga kwenye bomba la moto, akalivisha uso wa mpingo shingoni, na kifua akakitoa kwenye mbao laini za makreti ya mashine yaliyoshushwa bandarini. Lilipofungwa nyuzi, jirani alizima redio yake bila kuombwa.

Likabaki suala la kulipaka. Vanishi ipo dukani, kila mtu anaijua. Lakini Jafari alikuwa na kinyongo na wadudu wa mbao, waliowahi kumgeuzia gitaa zima kuwa unga. Na huku Mtwara, mtu akitaka mlango wake usiguswe na mdudu, anaupaka mafuta ya maganda ya korosho. Mdudu hasogei, na mbao inatoka na weusi mzuri wa kahawa.

Mwanahamisi, mkewe, akamkuta na brashi.

"Baba Zuhura, hayo si ndiyo yanayobabua watu?"

"Yakiwa mabichi. Haya nimeyachemsha."

"Kuchemsha ndiyo nini? Hata supu ya pilipili huchemshwa."

"Mama Zuhura, wewe pika, mimi nipake." Akabandika kiganja kizima kwenye kifua cha gitaa, akakiacha pale, akakiinua. "Tazama. Nimeungua? Sema, nimeungua?"

Hakuungua kweli. Mtu huyu alikua miguuni pa bibi yake akibangua korosho. Ngozi ilibabuka, ikaota nyingine, nayo ikababuka, mpaka viganja vikawa soli ya kandambili. Mikono ile ungeipa kaa la moto ingekuuliza hiki ni nini. Na ndiyo mikono aliyopimia ngozi ya mtu wa Njombe, aliyelelewa kwa viazi na baridi, asiyeijua korosho ila ile nyeupe ya kwenye pakiti!

Elisha alilichukua huku akicheka peke yake. Akalipiga jioni nzima, shati la mikono mifupi, joto letu hili, jasho likichuruzika palepale mkono wa kulia unapolala juu ya ubavu wa gitaa. Kesho yake picha ikaingia kwenye simu ya Jafari. Mkono umevimba kama mhogo wa shamba jipya, malengelenge kutoka kifundo mpaka kiwiko. Chini yake Beatrice ameandika: "Baba, umempaka nini mume wangu?"

Jafari akaizima simu. Akaiwasha. Picha ilikuwa bado ipo.

Habari za namna hii hazihitaji gari. Alipokwenda kunywa chai, Rashidi muuza mkaa alimngoja akae vizuri kwanza.

"Fundi, nitengenezee na mimi moja. La zawadi. Mama mkwe wangu anapenda muziki."

Benchi zima likaangua kicheko. Jafari akaisukuma chai yake kando, akainuka. Hapo watu wakaacha kucheka, wakajua yamemfika.

Alimwendea mwalimu, akamkuta mkono umefungwa bandeji.

"Mwanangu, nisamehe. Nipe nilirekebishe."

"Lichukue, mzee. Liko nyuma ya choo. Beatrice hataki kuliona."

Alilikuta limefunikwa turubai, limeegeshwa kama jembe lililokatika. Alilibeba kifuani mpaka nyumbani, na hakumsalimu mtu njiani.

Mafuta yakishaingia kwenye mbao hayafutiki kwa kitambaa. Ikabidi akwangue, kwa kipande cha kioo, kidogo kidogo, maana kifua cha gitaa ni chembamba na sauti yote imo humo. Ukikwangua pungufu, linababua. Ukizidisha, linalia kama debe. Alikwangua, akagonga, akasikiliza, akakwangua. Alipomaliza akapaka vanishi ya dukani, ileile aliyoidharau.

"Sasa nani atapima?" akamwuliza mkewe. "Viganja hivi vimekufa."

Mwanahamisi akamtazama juu mpaka chini. "Hilo tumbo lako je? Halijawahi kubangua kitu hilo."

Basi Jafari akavua shati, akakaa juani mbele ya kibanda, akalikumbatia gitaa, jasho linamtoka. Wapita njia wakamwuliza kama ameoa mke wa pili. Akawavumilia wote. Siku hiyo, na zilizofuata, tumbo halikuota hata upele.

Akaenda kwa mwalimu. Mkono ulikuwa umepona, umebaki na mabaka. Jafari hakungoja kukaribishwa kiti, akapandisha shati mbele ya watu na heshima zao.

"Mwalimu, tazama mwenyewe. Limelala hapa."

Beatrice akageukia ukutani. Elisha akacheka mpaka machozi, akalipokea gitaa, akakaa. Lakini Jafari akaona: katika joto lile, mwalimu amevaa mikono mirefu, na kifungo cha kifundoni amekifunga.

Akapiga. Sauti ilikuwepo, nyembamba kuliko ya kwanza, lakini hai. Ila mkono wa kulia ulining'inia hewani, haukugusa mbao, na vidole vikawa vinazitafuta nyuzi kama mtu anayepapasa kiberiti gizani.

"Linalia vizuri, mzee."

"Linalia. Mkono ndio haujakaa."

"Utakaa tu."

"Lini?"

Elisha akainamia nyuzi, akaanza upya.

Jafari akaaga, akatoka, akasimama chini ya dirisha. Beatrice akaja na ndoo ya maji machafu, nusura amwagie.

"Baba! Kumbe bado upo?"

"Naenda, mwanangu. Naenda."

Hakwenda. Ndani wimbo ulikatika tena palepale, ukarudiwa tangu mwanzo, na yeye akabaki ameegemea ukuta, akisikiliza kama mkono umetua.