Sala Yangu na Mkalimani Nisiyemwita

Nawaambia nyinyi kwa sababu ni watu wangu, na aibu hii nimeibeba vya kutosha, ingawa kuna kanisa zima linaijua yote, tena kwa Kizulu.

Ilikuwa Jumapili ya mwisho wa Agosti, ule wakati wa Johannesburg ambapo nyasi bado zimekauka lakini mipichi imeshatoa maua kabla mvua haijafikiria kuja. Tangu tumzike baba kule Kenya sikuwa nimeweza kuomba. Kanisani kwetu Randburg niliongoza maombi kila wiki, mkalimani pembeni akigeuza Kiswahili changu kiwe Kiingereza kwa ajili ya watoto waliozaliwa huku, na yote yalitoka mdomoni tu (moyo ulikuwa umefunga duka). Basi siku hiyo nikatoroka ibada, nikapanda kilima cha nyuma ya mtaa nikaombe mahali pasipo na kipaza sauti.

Juu nikakuta duara la mawe yaliyopakwa chokaa, ndani pamefagiwa vizuri. Nikajiambia, kumbe manispaa hii inajali! Nikaingia na raba zangu, nikaketi katikati, nikafumba macho. Jua lilinipasha uso polepole, nyuki wakivuma mahali fulani, upepo ukinipapasa mpaka nikajihisi sina uzito.

"Mungu, mti mkavu umeupa maua, na mimi je?"

Nikatua. Sauti ya mwanamume ikasema kitu kwa Kizulu, taratibu. Wala sikushtuka (mazoea jamani, mimi nikitua lazima mtu aseme). Nikaendelea, "Nimemkosa baba yangu," nikatua, sauti ikasema, na nyuma yake ukaja mguno mwororo wa watu wengi, nami katika utamu ule nikasadiki ni malaika, nikafunguka kabisa, nikamweleza Mungu jinsi ninavyosinzia pasta akihubiri, na kwamba nahitaji mume, tafadhali asiwe mfupi. Sauti ikatafsiri. Malaika wakacheka.

Nikafumbua macho. Kanzu nyeupe, mishipi ya buluu, miguu mitupu: kumbe duara lile ndilo kanisa lao lisilo na paa, na waumini walikuwa wamesimama nje ya mawe wakiningoja nimalize. Nikadhani nimekufa, halafu nikatamani iwe kweli. Bibi mmoja alikuwa anazitazama raba zangu kwa huzuni.

Nikazivua mbio mbio, kidole gumba kikachungulia kwenye tundu la soksi.

"Pole dada," akasema mkalimani wangu, Mrundi wa makamo. "Ulikuwa unatua kila mara, nikasema huyu ananingoja."

"Na ile ya mfupi?"

"Eish, nayo nimeisema. Si ni maombi?" (Mwenyewe alikuwa ananifika begani.)

Nilitaka kukimbia, lakini yule bibi alinishika mkono akauliza kitu.

"Anauliza baba anaitwa nani."

"Zakaria," nikasema. Tangu mazishi sikuwa nimelitamka. Wakalipokea wote, wakaliomba, wakaliimba kwa lugha nisiyoijua, nami nikalia katikati ya mawe yale na soksi yangu yenye tundu, nikaomba kweli, bila kutua.

Basi naapa: sitaingia tena kwenye mawe meupe na viatu, na habari za mume nitaziomba kimoyomoyo. Jina la baba, hilo nalitaja kwa sauti kila asubuhi.