Mji Usio na Mlevi Hata Mmoja

Gia ililia kwanza. Ilikwaruza, ikakataa, ikakwaruza tena, na sisi tuliokuwa uani tukipeta mchele tukazuia nyungo zetu tukasikiliza. Lori lilikuwa bado nyuma ya nyumba za mtaa wa Dunda, halijaonekana. Shangazi alinitazama kwa jicho la pembeni.

"Leo lina kikohozi," alisema.

"Barabara ya Msata imeharibika, shangazi. Mvua."

"Mvua imeingia kwenye gia?"

Nilirudi kupeta. Dereva wa lori lile alikuwa ameniposa. Mjomba wake alikuja na ujumbe akiwa na wazee wawili, wakakaa sebuleni na baba kwa heshima zote, na baba akaomba apewe muda wa kufikiri. Nyumba nzima ilikuwa ikifikiri. Mimi nilifikiri zaidi kuliko wote, kwa kuwa mimi ndiye ningelala na kuamka na jibu.

Sikumchukia. Nilikuwa nimemwona mara nyingi kupitia tundu za dirisha, lori limejaa mbata za nazi mpaka juu, naye akilisimamisha katikati ya njia ili amwamkie mtu mzima. Nilipenda ile namna ya kusimama. Lakini jirani yetu mpika vitumbua alikuwa amemnong'oneza shangazi jambo. Mwaka uliopita kijana huyo aliacha barabara akaingia na lori ndani ya ua wa watu, ukuta wa makuti ukalala chini pamoja na banda la kuku, na waliomtoa nyuma ya usukani walisema ananuka tembo la mnazi. Akapelekwa mahakamani. Kilichotokea huko, jirani hakukijua, au alisema hakukijua.

Tangu siku hiyo masikio yangu hayakuwa yangu tena. Lori likipita taratibu, nilijiuliza kwa nini linapita taratibu. Likipita mbio, nilijiuliza kwa nini lina haraka. Honi ikilia ndefu moyo ulinipasuka, na isipolia nilidhani amelala kwenye usukani.

Kwetu mtu akiposa, watu huulizwa habari zake, na kuulizwa huko kuna adabu yake. Anayejua mema huyaeleza kwa kirefu, mpaka kahawa inapoa. Anayejua mabaya husema, "Mungu ndiye ajuaye," kisha hubadili mazungumzo. Nilipomuuliza baba kama amesikia lolote kuhusu kijana yule na pombe, alivua kofia yake, akaitazama ndani, akaivaa tena.

"Mungu ndiye ajuaye, mwanangu," alisema.

Shuleni mwalimu alitufundisha kwamba kesi husikilizwa mlango ukiwa wazi, na hukumu ikishatolewa si siri ya mtu. Yeyote aweza kwenda kuuliza. Nilimwambia shangazi. Alicheka mpaka akashika ubavu, kisha akaenda kutafuta buibui lake.

Tuliingia mahakamani asubuhi, nyuso zetu tumezifunika, macho tu nje. Karani alikuwa mzee wa kanzu na koti, amekaa peke yake nyuma ya meza, anachonga penseli kwa wembe.

"Shikamoo," nilisema.

"Marahaba. Kesi zimeahirishwa. Hakimu yuko Chalinze."

"Hatuna kesi. Tunataka kuona kesi ya mtu mwingine. Ya gari."

Wembe ulisimama. "Nani kawatuma? Mwenye lori?"

"Hatujatumwa."

"Wanawake wawili wanatoka jikoni kwao wanakuja kusoma kesi za magari, na hawajatumwa!" Akatuangalia mmoja mmoja, kama mtu anayechagua samaki na hamwamini muuzaji. "Binti wa nani wewe?"

"Wa baba yangu. Kesi za hapa si za watu wote, mzee?"

"Ni za watu wote," alisema kwa uchungu, "lakini watu wote huwa hawaji."

Hata hivyo alisimama, akalitoa daftari kubwa kabatini na kuniwekea mbele, huku kidole chake kikibaki kwenye jalada kana kwamba lingeruka. Nilimtaja mtu wangu. Karani alifungua ukurasa bila kutafuta. Hilo nalo nililiona, likanikaa rohoni.

Ilikuwa imeandikwa kwa wino mzuri: kuendesha gari bila uangalifu. Amekiri kosa. Ametozwa faini. Hapakuwa na neno pombe.

Nilicheka ndani ya buibui. Shangazi, asiyejua kusoma, alinivuta buibui. "Wamesemaje?"

"Uzembe tu, shangazi. Uzembe!"

"Alhamdulillahi. Basi twende, mchele haujapikwa."

Lakini macho yangu yalikuwa yameshateremka mstari wa chini, na wa chini yake. Dereva mmoja kutoka bara: ulevi. Kibarua wa mashamba ya mkonge aliyechukua gari la bwana wake: ulevi. Kijana wa mjini kwetu, ukoo unaojulikana: uzembe. Nilifunua ukurasa wa nyuma. Mgeni, ulevi. Mwenyeji, uzembe. Mwenyeji mwingine, uzembe. Nilirudi nyuma hata karatasi zikawa za manjano, na katika miaka yote ile hapakuwa na mtoto hata mmoja wa mji wetu aliyewahi kushika usukani akiwa amelewa. Nami nilikuwa nikizijua nyimbo walizokuwa wakiimba wakirudi kutoka mashamba ya minazi.

"Mzee," nilisema, "wenyeji hawanywi?"

Karani alilivuta daftari kwake. "Hakimu huandika kosa alilosomewa mshtakiwa, na mimi naandika alichoandika hakimu."

"Na nani huchagua la kusomewa?"

"Wazee wa mji huja kabla ya kesi. Huzungumza na sajini. Kijana ana mama yake, ana dada wa kuozwa. Anakubali uzembe, la ulevi linaondoka. Kumsitiri Mwislamu mwenzako ni dhambi?"

"Basi huyu alikuwa amelewa?"

"Mimi sikusema hivyo. Wako waliokuwa wazembe kweli."

Hapo shangazi alishindwa kujizuia. "Sasa tutawajuaje, baba? Tuwanuse?"

Mzee alimgeukia ghafla. "Sauti hii naijua. Bibi, mmekuja kunichosha bure. Si mngemuuliza kaka yako nyumbani? Si ndiye aliyemwombea kijana huyu? Alikaa pale, kwenye benchi lile."

Wote watatu tuliliangalia benchi. Lilikuwa tupu, na limeng'arishwa na makalio ya watu.

Tulirudi nyumbani. Baba alikuwa anashona mkeka uliochanika, nami nikamwambia nilikotoka. Hakukasirika. Afadhali angekasirika.

"Nilimsitiri," alisema. "Mama yake alinijia analia. Niliyemsitiri siwezi kumvua nguo njiani."

"Hata kwa binti yako?"

"Nilikuwa natafuta njia ya kumkatalia bila kutoa sababu."

"Na usingeiona?"

Akavuta uzi, akaukata kwa meno. Huenda alisema kweli. Mpaka leo napima neno lile kama mtu anavyogonga sarafu mezani asikie mlio wake. Jioni ile nilimwomba kitu kimoja: kijana aje mwenyewe, na mimi niulize mwenyewe, nyuma ya pazia. Kama angesema, "Nilikunywa, nimeacha," nilikuwa nimeshaamua kumkubali. Hilo sikumwambia mtu.

Kijana alikuja kesho yake baada ya sala ya alasiri, kanzu imepigwa pasi. Baba na shangazi walikaa naye. Mimi nilisimama nyuma ya pazia, karibu mno hata nikanusa marashi yake, na nikashuku marashi.

"Siku ile ulipoingia kwenye ua wa watu," niliuliza, "ulikuwa umekunywa?"

Alicheka, kicheko cha mtu mwenye hakika.

"Maneno ya mitaani hayo. Nendeni mahakamani mkaangalie. Imeandikwa. Uzembe."

"Nimeshaangalia. Nakuuliza wewe."

"Basi wallahi," alisema, "tembo sijapata kulitia kinywani tangu nizaliwe."

Nilisikia mkeka ukikwaruza. Baba alikuwa amesimama.

"Mwanangu, usiape," alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Nilikuficha mbele ya sajini. Mbele ya Mungu siwezi. Siku ile mguu wako ulikuwa haukai chini, nikakushika mimi kwa mkono huu. Binti yangu sikupi."

Nilingoja aombe radhi. Hata wakati ule nilikuwa bado nangoja.

"Mzee," kijana alisema, pole pole, kwa ile adabu yake ya kusimamisha lori, "ulimwambia sajini unanijua mimi si mlevi. Leo unasema mlevi. Wewe ni mwongo wa siku ipi?"

Kupitia uwazi wa pazia niliona mkono wa baba ukitafuta ukuta.

"Wee!" alisema shangazi. "Nyumba hii haina usukani. Utoke."

Kijana alimuaga baba kwa heshima, jina la Mungu likiwa la kwanza, akavaa makubadhi yake bila haraka, akashuka kizingiti. Shangazi alimfuata mpaka pale, akaufunga mlango nyuma yake, akatia na komeo.